Shimo Letu Lina Vitundu Vingi

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo wameshusha kamera ndani ya shimo letu. Mtaa mzima ulihudhuria — wavuvi waliopaswa kuwa usingizini, wagonjwa, mbuzi wa jirani yetu Mama Pierrette. Kwenye mazishi ya jirani yetu marehemu Dany hawakufika nusu yao.

Kamera ni bomba la chuma lenye unene wa mkono, na taa puani. Inateremka kwa waya, taratibu, huku jicho lake likipiga picha ukuta wa shimo pande zote. Kisha kompyuta inaukata ule mviringo na kuukunjua, kama mwanamke anavyofungua kitenge kiunoni na kukitandaza. Mfano huo ni wangu. Injenieri ameusifu. Mama Pierrette ameuona mchafu.

Injenieri anaitwa Stéphane. Mtoto wa Lubumbashi, daktari wa mawe, amesoma Ulaya. Viatu vyeupe! Mwezi wa tisa, kiangazi, Nchelenge hapa Zambia, viatu vyeupe. Kufika mchana vilikuwa na rangi ya vumbi la barabara ya Mansa.

Niandike mambo yalivyo, maana kesho kila mtu atakuwa na yake. Mwezi uliopita mashine ilitoboa mashimo mawili katika mwamba wa chokaa. Moja huku juu, ubavuni mwa kanisa letu, mtaa wetu sisi Wakongo. Lingine kule chini, karibu na kinu cha kusaga, mtaa wa wenyeji, wa mkuu wao Bwalya. Pampu ni moja. Shimo moja litapewa pampu ya jua na tangi. Lingine litazibwa kwa saruji. Mtu mwenye akili angevuta maji siku kadhaa katika kila shimo, aone lipi linakauka. Lakini injini ya jaribio hilo iko Mansa, inangoja kipuri, na kipuri kinamngoja Mungu. Basi tumeletewa picha: leo shimo letu, kesho la Bwalya.

Kazi ya picha ni kuhesabu vitundu. Mwamba wa chokaa haushiki maji kama mtungi, unayashika kama sifongo. Penye vitundu vingi, vikubwa, vinavyopitiana, pana maji. Stéphane alieleza hayo kwa Kifaransa, kirefu, maana kazi yake hajui kuisema kwa Kiswahili. Mimi nikayaweka katika Kiswahili, nusu ya urefu. Patson wa halmashauri akayaweka katika Kibemba: jiwe lenye matundu lina maji. Watu wakapiga makofi. Wakampigia Patson.

Nacheka. Lakini mvua zilizopita binti yangu Cadette alilazwa kwenye hema la kipindupindu, vidole vimenyauka kama vya mfua nguo. Alirudi. Wengine wa mtaa huu hawakurudi, na wa mtaa wa Bwalya vilevile. Sote tunakunywa ziwa. Mvua ni Novemba. Pampu, na iwe juu ya maji, na iwe kabla ya mvua — ndiyo habari yote. Mengine ni mapambo.


Alhamisi, 4 Septemba

Nimeshinda darasani na Stéphane. Shule imempa chumba cha darasa la saba na yeye amekijaza nyaya. Ananiita Profesa. Sijaitwa hivyo tangu Pweto nilikokuwa mwalimu, tangu vita ituvushe ziwa na mimi niache nyuma ramani zangu za ukutani. Najua ananiita hivyo kwa sababu anataka mtu wa kumsikiliza. Najua! Na bado nilivaa shati la kola.

Pweto nilikuwa nachora pango la chokaa ubaoni, kwa chaki. Chokaa inayochora chokaa. Kwa miaka yote niliyofundisha hakuna mwanafunzi aliyecheka. Leo nimemwambia Stéphane. Naye hakucheka. Basi tatizo si wanafunzi.

Picha ni nzuri kweli. Ukuta umetandazwa, kaskazini kushoto, halafu mashariki, kusini, magharibi, kisha kaskazini tena. Mwamba mweupe wenye mishipa ya kijivu. Ningeweza kukaa nao wiki nzima. Lakini modeli, ile programu inayohesabu vitundu, iko katika kompyuta kubwa Lusaka, na mtandao wa hapa unabeba vitu kama mzee anayepanda ngazi. Kwa hiyo Stéphane ameziondoa rangi picha zote.

— Rangi iko uzito ya bure, Profesa. Kitundu iko nyeusi, jiwe iko nyeupe. Inatosha.

Mashine inatafuta kila doa jeusi, inalipaka buluu, inalipima upana, inaliweka kwenye hesabu. Haraka kuliko mtu kufumba jicho. Nilimuuliza, na doa jeusi ambalo si kitundu? Akasema mashine imefundishwa. Nikamuuliza, na nani. Akafungua biskuti.


Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Mchungaji ameshukuru kwa ajili ya shimo. Hesabu haijatoka, lakini yeye ameshaipokea rohoni. Shimo letu lina vitundu vingi, halleluya! Vitundu visivyohesabika, halleluya! Nilijaribu kufikiria ni dini gani nyingine duniani imewahi kuimba juu ya vitundu vya chokaa. Hakuna. Sisi ni wa kwanza.

Mke wangu Suzanne ndiye mwenyekiti wa kikundi cha sala cha wanawake. Kwa kawaida katika shukrani yeye ndiye wa kwanza kulia. Leo hakulia. Alikaa mikono mapajani, uso umetulia, kama mwanafunzi aliyeiona karatasi ya mtihani jana yake.

Sikuupenda utulivu ule.


Jumanne, 9 Septemba

Hesabu imetoka. Tumewapiga!

Shimo la Bwalya: vitundu haba, vidogo, kama ganda la yai. Shimo letu: wingi wa ajabu, vikubwa, mviringo. Na karibu vyote viko upande mmoja wa ukuta, mashariki. Upande mwingine hakuna kitu. Stéphane alikuwa anatembea darasani huku na huku. Anasema zamani za kale mto ulipita chini ya ardhi ukitokea mashariki, ukaula mwamba upande ule. Ataandika makala. Ameshaupa mto jina. Mto ambao haupo duniani una jina, na kijito tunachofulia hakina.

Nilikuwa nimefurahi, nakiri. Nikamwomba nione picha zenyewe, zile za rangi, kabla hazijafanywa za kijivu. Kwa uzuri tu.

Akazifungua.

Madoa ni mekundu. Mekundu ya machungwa, yenye mng'ao kidogo. Na hayana umbo la vitundu. Kila doa lina mkia juu yake, kama tone lililoteremka ubavuni mwa chupa likachoka njiani. Nimeyala mawese tangu kuota meno. Ninayajua yakiwa ya moto, ninayajua yakiwa yameganda. Haya yameganda. Mle ndani ya mwamba kuna baridi, yameshika ukuta, vumbi la kuchimba limeyafunika, na jicho lisilo na rangi limeona shimo.

— Na wekundu huu? nikauliza.

— Kutu ya chuma, akasema. Na akafunga picha kabla sentensi haijaisha.

Upande wa mashariki wa shimo ni upande wa kanisa.

Nilicheka kutoka shuleni hadi sokoni, peke yangu, watu wakinipisha njia. Mto wa kale wa mawese! Nikafika kwa wauza samaki. Pale kicheko kikanitoka. Ukiyaondoa mafuta, nini kinabaki upande wa mashariki? Na tangi lile litasimama juu ya nini?


Jumatano, 10 Septemba

Nimemuuliza Suzanne. Alikuwa anachambua maharagwe.

— Mama Cadette, mulimwanga nini katika shimo?

— Kumwanga? Tulipakaa.

— Mulipakaa nini?

— Mafuta. Unauliza sawa mupagani.

Basi ndivyo. Siku mashine ya kuchimba ilipomaliza, ikayapuliza maji yote nje na kuondoka, kikundi cha sala kilikwenda kulipaka shimo. Ni desturi yetu, siwezi kusema sikuijua. Mtumbwi mpya wa Carlos ulipakwa. Cherehani ya Vicky ilipakwa, ikachafua sare za shule za watoto wanne. Simu hupakwa. Kwa nini shimo liachwe? Mafuta ya zeituni ya mchungaji yalikuwa yamekwisha, wakachukua mawese ya kutoka ng'ambo, wakayaombea tangu alfajiri. Walisimama upande wa kanisa. Kikombe kilionekana kidogo kwa shimo refu namna ile. Wakamwaga kidumu kizima.

Nikamweleza. Taratibu, kwa mpangilio, kama darasani. Mafuta, ukuta, kamera, rangi iliyoondolewa, doa, kitundu.

Akacheka, mkono mdomoni. Kisha akaacha kucheka.

— Basi imejibiwa.

— Nini imejibiwa?

— Sala.

— Mama, si Mungu aliyehesabu. Ni mashini. Imehesabu mawese yenu.

— Na nani aliipofusha mashini?

Akaendelea, sauti ya chini, maharagwe bado vidoleni.

— Baba Cadette, tokea tuvuke tunapanga mustari nyuma ya benye nchi. Ku kliniki, nyuma. Ku kinu, nyuma. Mara moya, mara moya tu, mashini inatuweka mbele. Na wewe unaenda kuisahihisha na kalamu nyekundu.

— Pampu itavuta jiwe kavu.

— Hapana kavu. Batoto walitupa jiwe, tulisikia: chubwi! Maji iko.

— Iko kidogo.

— Kidogo yetu.

Nilikuwa na jibu. Zuri sana, lenye vipengele viwili. Lilinijia jioni nikiwa chooni.


Jumamosi, 13 Septemba

Bwalya amekuja. Ameleta samaki wa kubanika, wamefungwa kwenye jani. Huyu ni mtu aliyenionyesha mahali pa kujenga tulipofika, na akaniazima jembe lake akabaki analima kwa jembe bovu. Sasa ni mkuu wa mtaa wa kule chini. Mke wa mwanawe alikuwa kwenye hema lile la mvua zilizopita, kitanda cha pili kutoka kwa Cadette. Yeye alitolewa amefunikwa.

Kiswahili cha Bwalya ni cha kuuzia samaki. Hakina nafasi ya kuzunguka, ila ananiita bashikulu, babu, kwa heshima.

— Bashikulu, jiwe yenu nzuri sana?

— Ndivyo modeli inavyosema, ba Bwalya.

— Modeli sijui. Wewe uliona na macho?

Nikamjibu. Mungu wangu, nilivyomjibu! Mtawanyiko wa vitundu, nikasema. Kupitiana kwa vitundu. Uwiano wa utupu na mwamba. Nikamtajia na ule mto wa kale, kwa jina lake. Alinisikiliza kichwa kimeinama. Ni ile heshima mtu anayompa mzee anapogundua kwamba mzee anamdanganya.

— Aksanti, bashikulu, akasema. Mimi si mutu wa shule.

Akaaga. Samaki walikuwa wazuri. Suzanne alikula wawili.


Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Stéphane, nimefunga mlango wa darasa, nimesema yote. Mawese. Kikundi. Kidumu. Upande wa kanisa.

Nilijitayarisha kwa ubishi. Nilitaka ubishi! Hakubisha. Alifungua ile picha ya rangi, akaivuta karibu, karibu zaidi, mpaka tone moja likajaza kioo chote na mkia wake. Akalitazama muda. Halafu akavua miwani na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyo kijana.

Akatukana kwa Kifaransa. Mara kadhaa.

Kisha akauliza: nani mwingine anajua?

Swali hilo nalifahamu. Nimelisikia ofisi nyingi, nchi mbili.

Ameshatuma matokeo Lusaka. Lusaka wameshayatuma Ulaya, kwa wenye pampu. Wenye pampu wamejibu kwa barua ya furaha na wametaka picha ya watoto wanaotabasamu. Mkutano wa kutangaza ni Alhamisi. Gari lake linaondoka Jumamosi asubuhi na kamera ndani. Akaeleza haya yote kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

— Papa Albert, akasema. (Profesa imeisha. Sasa ni Papa.) Mimi nitasoma kwa Kifaransa kile kimeandikwa. Siwezi kusoma kitu ingine. Wewe njo utatafsiri. Kile utasema kwa Kiswahili, mimi siko na namna ya kukukataza.

Angalia ujanja wa elimu! Yeye atabaki msafi kwa Kifaransa. Na mimi ndiye nitakayepakwa mafuta.


Jumatano, 17 Septemba

Suzanne anapika, anapakua, hasemi. Nyumba yenye wali na bila neno.

Cadette alinikuta nyuma, nikijifanya natengeneza kiti. Anajua. Mama yake amemwambia, au Mama Pierrette, au mbuzi wake.

— Papa, shimo yetu itatoa maji?

— Mwanzoni itatoa.

— Mpaka lini?

— Jiwe lenye vitundu vichache hutoa kile lilicho nacho. Halafu unangoja. Unaweza kungoja mpaka mvua.

— Na ya Bwalya?

Nikamwambia kweli: lina vitundu vidogo na haba, lakini angalau ni vitundu. Kwa picha zilizopo, ni bora kuliko letu. Na nikamwambia lile lingine, ambalo Suzanne analo moyoni na hana kosa. Pampu ikienda kule, kila siku atashuka na ndoo kupita kinu. Atapanga mstari nyuma. Pale kwenye kinu hawamwiti jina lake, wanamwita Kongo. Kongo, sogea. Kongo, ngoja.

— Wanaita, ndiyo, akasema. Kule kwenye hema hakuna mutu aliniita kitu.

Akachukua ndoo yake.

— Papa, mimi sitaki pampu. Mimi nataka maji.

Nimefundisha miaka ishirini na sikuwahi kuandika ubaoni sentensi safi kama ile. Inaudhi.


Alhamisi, 18 Septemba

Mkutano umekwisha.

Darasa la saba lilijaa. Wakongo upande wa madirisha, watu wa Bwalya upande wa mlango — hakuna aliyewapanga. Patson aliomba sala fupi. Stéphane akasoma. Viatu amevisugua, vyeupe tena. Alisoma kwa sauti sawasawa, macho kwenye karatasi: shimo la juu, wingi wa vitundu, upande wa mashariki, pendekezo la pampu. Akafika mwisho. Akainua macho, hakunitazama mimi, alitazama saa ya ukutani, ambayo haitembei.

Nikasimama. Suzanne alikuwa safu ya pili. Hakunikazia macho. Angekaza ningeweza kumkasirikia.

Nikatafsiri yote, kwa uaminifu, neno kwa neno. Halafu nikasema: hayo ni ya karatasi. Sasa ya ukuta. Nikasema mawese. Nikasema yalivyoganda. Nikasema hakuna aliyedanganya: wanawake walisali, kamera iliona, mashine ilihesabu, na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri kabisa, na jumla yake ni upuuzi.

Patson alisita. Kisha akaweka katika Kibemba, na safari hii hakufupisha.

Upande wa mlango ulilipuka! Walicheka mpaka benchi likaanguka. Mawese! Wakongo wamelikaanga shimo! Mama Pierrette alinitazama kama mtu aliyeuza kanisa. Mchungaji akagundua kuwa ana simu ya kupokea nje. Nilisimama pale na kola yangu.

Na kule mlangoni kulikuwa na bibi mmoja, mama mkubwa wa Bwalya, anaitwa Yolande, hana jino la mbele. Huyu alicheka kuliko wote, anajipiga mapaja, anafuta machozi. Katikati ya kicheko akasema kitu kwa Kibemba, kwa sauti, kwa furaha. Wenzake wakanyamaza ghafla. Mmoja akamvuta kanga.

Patson akageuka.

— Mama, umesema "na wao pia". Pia na nani?

Basi ikatoka, kidogo kidogo, kama mwiba. Nao walikuwa wamelishughulikia shimo lao! Asubuhi ile ile mashine ilipoondoka, kabla jua halijachomoza, wazee walimwaga unga. Unga wa muhogo, mweupe, wa kuwasalimu wale wa chini ya ardhi ambao kanisani hatuwataji. Watu wa ubatizo wote hao! Bwalya mwenyewe ni mhasibu wa parokia. Aliinamisha kichwa.

— Ungo nzima, akasema. Tulizungusha pande zote. Sisi tulifanya vizuri.

Nikamtazama Stéphane. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Ukuta ulikuwa mbichi. Unga wa muhogo kwenye mawe mabichi hushika kama gundi. Unaingia kwenye vitundu, unavimba, unaviziba. Nyeupe juu ya nyeupe. Kamera ikapita pale ikaona ganda la yai.

Sisi tuliongeza vitundu visivyokuwepo. Wao waliziba vilivyokuwepo. Na kati yetu mashine kubwa ya Lusaka, iliyofundishwa, imepima sala ya kila upande hadi sehemu ya milimita.

Hapo ndipo upande wa madirisha nao ukacheka. Suzanne hakucheka. Alisimama.

— Injenieri. Gari inaenda lini?

— Keshokutwa asubuhi, Mama.

— Basi kesho tunaosha.

Ukazuka ugomvi. Nani ataosha wapi? Patson alisema kila mtaa usafishe shimo lake. Bwalya akasema hapana: hao watabakiza mafuta. Mama Pierrette akasema na hao watachonga matundu kwa nyundo. Mwishowe Patson, ambaye ana njaa na anataka kwenda nyumbani, akaamua: wanawake wa Bwalya wataosha shimo letu. Wetu wataosha lao. Kila upande ukaridhika sana, na wakati huo mimi sikuona kwa nini.


Ijumaa, 19 Septemba

Naandika nimekaa kwenye ndoo, kitabu gotini. Kamera itashuka mchana.

Sasa naona kwa nini.

Asubuhi nilikuwa kule juu, shimoni kwetu. Wanawake wa Bwalya wamekuja na masufuria ya maji ya moto, sabuni ya kufulia, na rungu la magunia na brashi za chuma lililofungwa kwenye kamba, na jiwe chini yake la kulizamisha. Wanalishusha, wanalipandisha, wanaimba. Sijawahi kuona kazi ya hisani yenye bidii namna ile. Bibi Yolande ndiye anayeongoza wimbo. Magunia yanapanda mekundu, yanakamuliwa, yanashuka tena. Kila doa wanaloling'oa ni kitundu chetu kimoja kidogo. Wangeweza kuung'oa na mwamba wenyewe.

Patson akasema: mnaona, ushirikiano. Akapiga picha kwa simu, nadhani ni ya watu wa Ulaya.

Halafu nikashuka huku chini, kwenye kinu, kuona wetu.

Wetu wanaosha kama watu wanaomwogesha mgonjwa. Rungu linashuka polepole, linagusa ukuta, linaomba radhi, linapanda karibu jeupe kama lilivyoingia. Hakuna wimbo. Mama Pierrette ameshika kamba kwa vidole viwili. Unga ukibaki, vitundu vya Bwalya vinabaki vimezibwa. Wanatumaini pampu itapanda mlima kuja kwetu, juu ya jiwe ambalo sasa hivi linaoshwa kuwa kavu na safi. Hawajasema neno hata moja kati yao. Hakuna aliyepanga. Ni ufundi tu wa mikono.

Stéphane amesimama kando na kompyuta. Anaona. Leo simtafsirii, basi ananyamaza kwa lugha zote. Watu wa kinu wametoka kutazama. "Kongo wanaosha vizuri," mmoja anasema, na hajui alichosema.

Bwalya amekuja akakaa kando yangu, juu ya tofali. Anatazama kamba. Yule amevua tangu utoto — anajua kamba inayofanya kazi na kamba inayocheza. Nami sina mtawanyiko wa vitundu wa kumpa leo.

Cadette amefika sasa hivi na ndoo mbili za maji. Ameziweka chini. Amesimama nyuma ya mama yake, ametazama rungu likipanda jeupe, likashuka. Likapanda jeupe.

Ameichukua kamba mikononi mwa Mama Pierrette. Hakunyang'anya, ameichukua tu. Ameizungusha kwenye kiganja, amepanua miguu, anavuta. Nasikia brashi inakwaruza mwamba mle chini, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Anaachia, inaanguka, anavuta tena. Maji meupe mazito yanatoka juu, kama uji, yanamwagika kwenye miguu yake.

— Polepole, mutoto, anasema Suzanne. Polepole. Utachoka.

Cadette anavuta.

— Cadette, anasema Mama Pierrette. Mama yako anasema na wewe.

Anavuta. Jasho limeshika blauzi mgongoni. Bwalya amesimama kando yangu. Wanawake wetu wamerudi nyuma hatua, wamemwachia nafasi, hakuna anayeimba. Na Suzanne — ananitazama mimi, ng'ambo ya shimo, ananitazama kweli sasa — anakunja mikono ya blauzi, anaishika kamba nyuma ya Cadette, anavuta.